Tafsiri ya Kibwe

Filamu haikuwa na rangi. Jasho lilikuwa jeupe, damu nyeusi
kama oili chafu ya gereji za Keko,
na sisi, watu arobaini kwa feni moja,
tulilipa shilingi mia mia kumtazama mtu
ambaye hakuna kati yetu angempangisha chumba.

Akishinda, anatupa redio dirishani.
Akishindwa, anakumbatia kila mtu, hata mwamuzi.
Anamuuliza mkewe: ulikuwa unamchekea nani?
Mke hajacheka tangu filamu ianze.

Kibwe, maikrofoni mkononi, alitafsiri kila kitu:
kengele aliitafsiri, mbwa wa jirani alimtafsiri.
"Huyu jamaa ana ugomvi hata na kivuli chake,
na mpaka sasa kivuli kinaongoza kwa pointi."
Ukumbi ukavunjika mbavu.
Baba hakucheka.

Baba, Pazi wa bandarini, uzito wa kati,
sikio moja limekunjamana kama sambusa,
alikuwa akitikisa mabega gizani,
akikwepa ngumi zisizomhusu.
Niliitazama mikono yake kuliko nilivyotazama kioo.
Nyumbani tulikuwa na kabati lisilo na mlango,
na baba mdogo, Shomvi, aliyekuwa akimfuta jasho konani,
ambaye jina lake halikutajwa tena
tangu usiku wa pambano la Tanga.

Naipenda filamu ile kwa sababu haimtetei.
Haisemi alipigwa utotoni, haisemi njaa.
Inamwacha pale chini ya taa, mzito, mwenye wivu,
mzuri ajabu kwa dakika tatu;
halafu kengele inalia, naye anabaki na siku nzima
asiyojua aipige wapi.

Mwishoni kaka yake anakuja mlangoni, theluji mabegani.
Bondia anamtazama. Anatamka maneno matatu.
Kibwe akavuta pumzi, akatafsiri:
"Ndugu yangu, nimekukosea. Mkono ulikuwa wangu,
hasira nikadhani ni yako. Ingia, tule."
Maneno matatu!
Umeme ukakatika hata majina hayajapanda.

Gizani Baba akanishika goti.
"Umesikia? Kaomba radhi."
Nikasema nimesikia.

Asubuhi alitoka na kilo mbili za nyama ndani ya gazeti,
kwa miguu, njia ya Temeke.
Hakusimulia kitu. Alirudi usiku bila nyama,
na shati lake lilinuka ubani wa nyumba ya watu.

Mwaka huu nimeitazama tena, peke yangu, Tabata,
na Kiingereza changu sasa kinatosha.
Kaka yuko mlangoni. Theluji. Bondia anasema:
Funga mlango. Baridi.
Basi.
Nikarudisha nyuma, nikasikiliza mara tano.
Hajabadilika hata chembe, na ndiyo maana
ni filamu kubwa kuliko ile tuliyoonyeshwa Keko.

Hata hivyo niliinuka,
Februari, joto likinichuruza mgongoni,
nikaenda kuufungua mlango wangu.