Kiti cha Nne, Safu ya Maji

Kabla ya akidi kutimia mimi ndiye hutangulia,
na ndoo ya maji ya chumvi, vijiko sita kwa lita,
kulowesha kiti cha Balozi Oshveli.
Itifaki inadai hivyo, ukurasa wa mia nne na kitu.
Ngozi yake ikikauka hupoteza irabu,
na neno lake la "ndiyo" likikosa irabu
ni tusi zito kwa watu wa Karni.

Huingia kwa miguu yote minane, polepole,
kama mtu apangaye vyombo gizani asiamshe watoto.
Kifuani, hati za utambulisho: gamba jembamba
lenye muhuri wa Ilu-Tesha,
mji ulionyamaza miaka kumi na moja iliyopita.

Hatujui kulikoni. Nyota yao ilikohoa mara moja,
kisha redio ikabaki kuchemka tupu
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Tulituma salamu usiku uleule.
Tukatuma na chombo; kitafika nimeshazikwa.

Na yeye bado anapiga kura.

Ushuru wa barafu: anapinga.
Mpaka wa vimondo kati ya Karni na Dovimu:
anaunga mkono, kwa masharti.
"Serikali yangu inaona," huanza,
na ukumbi mzima, spishi thelathini na mbili,
wenye macho hutazama meza,
wasio na macho hukunja chochote walicho nacho.

Mwaka jana mjumbe wa Dovimu alisimama
kwa hoja ya utaratibu:
kiti kile kinamwakilisha nani?
Mkalimani akafasiri nusu, akameza iliyobaki.
Mwenyekiti akatangaza muda wa chai.
Haukuwa umefika.

Mjumbe hauawi. Ndivyo mkataba wetu unavyoanza,
kifungu cha kwanza, kwa kila lugha.
Nimeusoma hadi viambatisho.
Hakuna aliyekumbuka kuandika kuhusu mtumaji.

Jana usiku nilimkuta ukumbini, taa zimefifia,
anaandika ripoti yake ya juma
kwa ukucha, juu ya bamba la chumvi.
Aliisomea mitambo neno kwa neno,
ushuru, vimondo, hata chai ile,
kisha akalilamba bamba likawa jeupe.

Nikamuuliza, kwa lugha yake niliyojifunza kwa kudokoa:
Huwa wanajibu?

Ngozi ikageuka buluu ya aina fulani,
rangi ambayo kamusi yangu imeiwekea kiulizo.

"Tessim," akasema, "swali huchukua miaka sita kwenda.
Jibu, sita kurudi.
Bado wana mwaka mmoja.
Kwetu ni utovu wa adabu kumwambia mtu kachelewa
kabla saa yake haijafika."

Akanitakia usiku mwema, kwa irabu zote.

Leo nimejaza fomu ya chumvi.
Kawaida huagiza ya mwaka.
Nimeandika magunia arobaini,
na ghala wameniuliza kama mkono uliteleza.