Hatua ya Pili

Liepāja, Januari, ghorofani juu ya fundi viatu;
harufu ya gundi hupanda ngazi kabla yetu.
Zelma amevua glavu moja tu.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha tramu,
njia ileile, kengele ileile, kona ileile ya sokoni,
na hakuna siku reli ilimwuliza: leo twende wapi?

Nasogeza askari wa mfalme. Naye wake.
Natoa farasi.
Hapo watu wazima hulinda walichonacho
na kumimina chai.
Zelma anamshika yule askari wa mbele ya askofu,
anayefunika ubavu wa mfalme wake mwenyewe,
anamsukuma hatua mbili, anamwacha pale
kama mtu aliyeacha mlango wazi, theluji inaanguka.

Kitabu changu kina neno moja juu ya hatua hii:
Haifai.
Nimekisoma hadi jalada likalegea.
Najua farasi ale wapi, najua malkia angoje nini;
njia salama ipo, imefagiliwa, imenyunyizwa chumvi.
Lakini nina miaka kumi na tisa,
na yeye ananitazama kama abiria asiye na tiketi.
Chambo ukikijua bado ni chambo.
Natoa askofu.

Basi.

Anakula. Nakula. Malkia wake anachomoka,
anachimba kona yangu, anang'oa askari,
anaikodolea macho ngome. Sigeuki nyuma:
shaha! Anaziba. Shaha tena!
Mfalme wake anaruka kando bila viatu,
ngome zake zimelala,
farasi wake hawajui kama kumekucha.
Naye, taratibu, kwa ule mkono wenye glavu,
anaichukua ngome yangu pembeni. Shaha.
Wafalme wawili nje usiku mmoja
na hakuna aliyebeba koti.

Visvaldis, mtunza saa, ameweka birika chini.
Sikumbuki alikuja lini mezani.
Sikumbuki kama nilikuwa napumua.

Nilishinda. Niseme wazi, nisije nikapamba.
Hatua ya ishirini na sita niliiona njia,
na kabla sijagusa kete yeye alikwishatabasamu;
alikuwa ameiona tangu ya ishirini na mbili
akaacha nije mwenyewe.
Akamlaza mfalme kwa kidole.

"Umeicheza mara ngapi?" nikamwuliza.
"Sijahesabu. Nimeshinda mbili."
Akavaa glavu ya pili, akatafuta kofia chini ya kiti.
"Hizo mbili ningekusimulia
mpaka tramu ya mwisho ipite, na bado."

Usiku, chumbani, nilipanga ubao upya,
nikaugeuza, nikakaa upande wa weusi.
Kitabu nilikiacha ndani ya begi.
Yule askari alikuwa mwepesi
kuliko nilivyodhani.