Kaskazini Si Juu

Nilipoliuliza darasa la nne, hapa Usoke, kaskazini iko wapi,
mikono arobaini na mmoja ikaelekea kwenye bati.
Sikuwacheka. Ramani yetu ya ukutani ndivyo inavyosema:
kaskazini juu, jirani na mjusi na tundu la msumari.

Dira tunayo, moja. Imo kabatini.
Tangu nihamie, sindano yake haijaonyesha kitu
ila kabati lenyewe. Vyuma vimependana.
Basi nikasema: tokeni nje, acheni madaftari.

Mwezi wa sita, saa tatu, umande umeshakauka.
Mihayo akachomeka ufito pale wanapochezea chandimu,
Nyanzala akaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli.
“Sasa tufanye nini, mwalimu?”
Tungoje.

Hakuna somo gumu kama hilo.
Wengine walisema kivuli kimelala.
Tulingoja hadi mbuzi wa jirani akapita,
akanusa jiwe, akaliacha.

Kumbe kivuli kimeshasogea,
kama mgeni anayetoka karamuni bila kuaga.
Nyanzala akaweka jiwe la pili.
La kwanza magharibi, la pili mashariki.
Nikamsimamisha Mihayo kati yake,
la kwanza kushotoni, la pili kuliani.
“Mbele yako, kule kwenye mabani ya tumbaku,
ndiko kaskazini. Haiko juu.
Unaweza kuiendea kwa miguu.”
Wakayatazama mabani waliyozaliwa wakiyaona
kana kwamba yamejengwa asubuhi ile.

Bukuru, aliyeletwa na treni ya Kigoma mwezi uliopita,
ambaye hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona,
hakuyaangalia mawe.
Alikuwa ameshageuka, jua amelipa kisogo,
macho yamefuata reli.
“Kwetu ni huku,” akasema. “Jua likichoka
linaingia ziwani.”

Wakacheka: ziwa gani? Huku ni miombo,
ni mizinga na nyuki, mpaka uchoke wewe!
Mimi nikapima kwa jicho moja:
ufito, jiwe la kwanza, pua ya Bukuru.
Mstari mmoja.
Nikamwandikia kumi kwa kumi mchangani, kwa kidole,
maana madaftari niliwaambia wayaache.

Kesho yake nilifika kabla ya kengele.
Ufito ulikuwepo.
Jiwe la mashariki lilikuwepo, limelowa umande.
La magharibi
lilikuwa limechukuliwa.
Sikuuliza.