Mtegemezi wa Mtegemezi

Dakika arobaini na moja simu imenining'iniza,
kinanda kile kile kikikwama pale pale,
ndipo ikaja sauti ya mwanamke, ya adabu, iliyochoka:
Bwana Sobczak, bima yako inamtambua binti yako
hadi atimize miaka ishirini na sita.
Uzazi tumelipia. Mshono tumelipia.
Mtoto hatumjui.
Ni mtegemezi wa mtegemezi,
na mkono wetu haufiki huko.

Miaka ishirini na miwili
nimeendesha greda la theluji la mji wa Erie.
Najua barabara ya mji inapokoma na ya jimbo inapoanza:
unainua jembe, unageuza,
theluji ya mbele si yako.
Sikudhani damu nayo
ina kibao cha mpaka.

Mjukuu wangu alilala chini ya taa ya buluu,
manjano kama kiini cha yai,
kafungwa kitambaa machoni.
Kwenye kifundo cha mguu waliandika: Mtoto wa Kike, Sobczak.
Jina langu, bila jina lake.
Siku nne duniani, na ankara ya kurasa sita.

Yule kijana alikuja hospitali mara mbili.
Mara mbili nilisimama mlangoni.
Tangu kiangazi, Maren aliponionyesha tumbo jikoni
huku sufuria ikiungua,
nilikuwa na neno moja tu kwa Corwin Askew:
mchuma janga hula na wa kwao.
Nililisema kwa raha, kama mtu anayefunga hesabu.
Sikujua kwamba wa kwao
ni mimi.

Fomu ya jimbo tuliijaza; ikarudi ikitaka barua,
barua ikataka barua.
Maren akanyonyesha kwa mkono mmoja,
kwa mwingine akipanga karatasi kitandani,
miaka kumi na tisa, soksi hazifanani,
akasema bila kuniangalia:
"Baba, ghala la matairi linalipia watoto wa wafanyakazi.
Siku thelathini tangu kuzaliwa. Zimebaki nne.
Kwa walioana, cheti cha ndoa husema.
Kwetu sisi lazima aseme yeye,
kwa kalamu."

Sikujibu.
Nilitoka zamu saa kumi na moja alfajiri,
nikapita nyumbani, sikusimama,
nikaenda hadi ghalani na chumvi ya barabara kwenye buti.
Aliponiona alirudi nyuma hatua moja,
mikono wazi, myeusi kwa mpira,
akidhani nimekuja kupiga.
Nikampa karatasi.
Akaisoma yote, midomo ikicheza,
hata yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma,
kisha akauliza kitu kimoja:
"Umanjano umeisha?"

Umeisha, nilisema. Wiki mbili sasa.
Nikaona aibu kwamba alikuwa akihesabu kitu
nilichokwisha kukisahau.

Alijifuta vidole kwenye suruali, mara tatu, asichafue.
Akaandika jina lake polepole, kama mtu apandaye ngazi gizani.
Chini yake palikuwa na mstari wa shahidi.
Msimamizi alikuwa hajafika.
Palikuwa na mimi, na matairi.

Leo ni siku ya ishirini na tisa.
Corwin ameketi kwenye kiti changu, sikumkaribisha, sikumwinua.
Simu iko kati ya sikio na bega,
bega la pili linamlea Ilse, maana sasa ana jina.
Kutoka jikoni nakisikia kile kinanda
kikifika pale pale,
kikikwama,
kikianza upya.
Mtoto kasinzia.
Kijana anatikisa goti kufuata mdundo,
ananitazama,
ananong'ona:
"Wamesema tuko wa kumi na saba kwenye foleni."

Nikavuta kiti kingine.