Jino la Miritini

Daktari Nyiro alinipa kazi kwa sababu ya mchele.
Alinikuta mlangoni, Kuze, ungo mapajani,
natoa kijiwe ambacho yeye, na miwani yake, hakukiona.
"Macho hayo," akasema, "yatanifaa."

Tangu hapo naletewa mchanga wa Miritini,
pale kilima kilipokatwa kupisha malori.
Umeoshwa, umeanikwa, umetiwa kwenye kopo la maziwa ya unga.
Naumwaga kidogo kidogo juu ya sahani nyeupe,
nauchambua kwa unyoya wa kuku.

Siku arobaini na tatu: mchanga.
Kipande cha kombe. Mwiba wa samaki. Mchanga.
Ya arobaini na nne, Ijumaa, kabla ya adhana,
kitu kikaniangalia.

Kidogo kuliko chenga,
cheusi, kinang'aa kama kimepakwa mafuta ya nazi,
na juu yake safu mbili za vilima,
kama ubao wa bao uliogeuzwa, mashimo yakavimba.

Daktari akaketi kitako sakafuni.
Si panya, alisema. Panya alikuwa hajaumbwa.
Si mamalia hasa; ni binamu yao,
wa ule upande wa ukoo tusioualika harusini.

Alikuwa na manyoya?
Huenda.
Mkia?
Hatujui.
Alitaga au alizaa?
"Bi Mejumaa, tuna meno tu."
Dunia nzima, meno tu, ukiyakusanya
kijiko cha chai hakijai.

Usiku sikulala.
Nikapitisha ulimi kwenye pengo langu,
la gego nililong'olewa nikiwa na mimba ya Shekue.
Jino la pembe si dawa ya pengo, wamesema,
na kweli. Lakini huyu ni pengo tupu,
mnyama mzima pengo,
na jino ndilo pekee lililo la haki.
Nimjengee nini? Taya, basi. Shavu.
Njaa. Njaa nina hakika nayo:
vilima vimelika upande mmoja,
alitafunia kushoto, kama marehemu mama.

Asubuhi mjukuu wangu Fumo aling'oka jino la utoto,
akakimbilia uani alirushe juu ya paa.
Nikamshika mkono.
Nikalifunga kwenye karatasi, nikaandika
jina lake, la baba yake, la mtaa,
kwamba anapenda viazi karai,
kwamba anaogopa giza la ngazini,
kwamba hana mkia.