Kitambaa cha Akiba

Futi ya manjano hainitoki shingoni.
Nimewapima nayo nusu ya wanawake wa Bondeni,
mabega, kifua, kiuno, nyonga,
nikaandika nambari kwa penseli
nyuma ya kadi za harusi zilizokwisha pita,
wala sisemi kitu.
Fundi mzuri ana macho, hana mdomo.

Kiuno changu mwenyewe
nilikipima mara ya mwisho Kemunto akiwa tumboni,
na Kemunto sasa yuko kidato cha nne.

Ni nesi aliyenipandisha kwenye mizani.
Akatazama, akanyamaza.
Nikakitambua kimya kile. Ni changu,
ndicho ninachowapa wateja.
Tisini na nne, akaandika.
Presha akaiandika kwa kalamu nyekundu.

Basi nikanunua raba za mtumba, za buluu,
ya kulia imelika kisigino kuliko ya kushoto:
aliyezivaa kwanza, popote alipo, anachechemea.
Saa kumi na moja na nusu, baridi ya Nakuru ikining'ata masikio,
nikaelekea Menengai.
Siku ya kwanza niliishia kona ya kwanza,
nikaushika mti kama mlevi anayeaga.
Vijana wa mbio walikuwa wanashuka
mimi sijaanza kupanda.
"Jikaze, mathe!"
Nikajikaza.
Mwezi wa tatu nikasimama ukingoni,
nikachungulia shimo lile kubwa
lililokuwa mlima kabla halijajimeza,
nikacheka peke yangu: kumbe na wewe?

Themanini na tano.
Nikalifumua gauni la kijani, nikalipunguza pande zote mbili.
Kitambaa kilichozidi sikukikata, nilikikunja ndani.
Mazoea ya kazi tu, nilijiambia.

Sokoni wakaanza.
"Fundi, unaumwa?"
"Ni sukari, ama ni bwana?"
Nyaguthii wa vifungo akaniletea uji kwenye chupa,
kwa siri, machozi yakimlengalenga.
Hao hao, nikiwa tisini na nne,
walisema maisha yamenikubali.

Kisha shangazi Bosibori akafariki.
Siku tisa Nyamira.
Obokima saa saba, obokima saa nne usiku,
matoke yanang'aa mafuta,
chai iliyojaa maziwa hadi ikasahau rangi yake.
Nani atairudisha sahani mkononi mwa mfiwa?
Nami nisidanganye, sikulazimishwa.
Nilikula kwa sababu ndivyo alivyonipenda yule mama,
kwa kijiko, na kwa "ongeza kidogo".

Niliporudi, mvua.
Baada ya mvua, oda za sare za shule.
Baada ya sare, sijui nini.
Raba nilizificha chini ya kitanda,
kisha nikazisahau,
na hilo la pili ndilo baya.
Tisini na moja.

Gauni likaniomba nafasi.
Nikakaa kwenye kigoda, nikashika wembe,
nikafumua nilichoshona mwenyewe.
Kitambaa cha akiba kilikuwepo,
kijani kibichi kuliko gauni lote,
hakijaonja jua.
Lakini ule mstari wa matundu umebaki
pale sindano ilipopita siku za themanini na tano.
Maji hayautoi. Pasi haiutoi.
Mteja angenidai pesa yake.
Mimi nikivaa huupapasa kwa kidole, ubavuni,
kama mtu anayehakikisha ufunguo bado uko mfukoni.

Kemunto ameniuliza kama nitaanza tena Jumatatu.
Jumatatu nimezichoka, mwanangu,
zimeniona sana.
Nimeanza leo, Alhamisi,
na manyunyu, na kifundo kinacholia kama cherehani kavu.
Nimefika kona ya kwanza.
Nimeushika ule mti,
mikono yangu haikutani tena upande wa pili.
Nao umenenepa.