Uchakavu wa Kubebwa

Chemba kwanza. Tupu.
Naitazama tena. Tupu.
Napitisha na kidole kidogo, kwa sababu macho
yana tabia ya kuona yanachotaka.
Tupu.
Haya, bibi, kaa tuzungumze.

Imeletwa imeviringishwa kwenye fulana kuukuu
na kikaratasi: *Ilikwama shabahani. Haitemi ganda.*
Bastola ya Sajini Mpozayo, aliyestaafu Jumatatu,
miaka kumi na tisa ya treni za usiku,
Tabora kwenda Kigoma, Kigoma kurudi Tabora,
behewa la tatu, karibu na mlango usiofunga.

Naitandaza mezani kipande kwa kipande:
slaidi, mtutu, springi,
na ile pini ambayo ukipiga chafya
utaitafuta hadi Ijumaa.
Mafuta yangu yamo kwenye chupa ya asali ya Sikonge.
Kuna nyuki huja kila siku saa nne,
anazunguka shingo ya chupa,
anaondoka amekasirika.

Weusi umeisha mdomoni. Chuma kimebaki cheupe
kama goti la mtoto anayetambaa.
Nakshi za kishikio zimelainika,
na kidole gumba kimechimba kidimbwi chake
upande ambao vidole gumba havikai.
Kumbe alikuwa mashoto.
Miaka yote hiyo alinisalimia kwa mkono wa kulia.

Springi naisimamisha kando ya mpya:
imepungua duara moja na nusu.
Haijakatika. Imechoka tu kusukuma,
kama mjumbe anayekubali kila ajenda
ili kikao kiishe watu wakale.

Halafu ukucha, ule unaovuta ganda.
Ncha imeviringika kidogo, nitaibadilisha.
Lakini chini yake, ndani kabisa,
ambako brashi haifiki na kijiti cha kiberiti kinafika,
natoa vumbi jekundu la Kaliua,
uzi wa koti la sare,
na unga, unga laini wenye mafuta, naunusa:
karanga.
Hakuna kitabu cha matengenezo kinachotaja karanga.
Namwona lakini: stesheni ya Uvinza, saa tisa usiku,
anamenya moja moja asilale,
abiria wamelala midomo wazi,
kuku kapuni, magunia ya dagaa,
na yeye mashoto anahamisha karanga mkono wa kulia
ili ule mwingine ubaki bure.

Nainua mtutu kuelekea dirishani.
Mifuo inazunguka safi, haina hata doa.
Ndani mle ni asubuhi.
Daftari linasema: risasi kumi kwa mwaka, za shabaha,
na hakuna mstari mwingine wowote.

Sasa fomu. *Sababu ya uchakavu*, weka alama moja:
kupigwa, kuanguka, uzembe.
Nimekaa na kalamu mpaka wino umekauka nchani.
Nimechora kisanduku cha nne kwa rula.
Nimeandika: *kubebwa*.
Makao makuu watanirudishia. Warudishe.

Konstebo Nyamizi, atakayekabidhiwa,
amesimama mlangoni, buti mpya zinamlalamikia miguu.
"Fundi, hamwezi kuipaka rangi? Imezeeka."
Namwambia kutu nimeiondoa, kutu ni ugonjwa.
Huku kung'aa sikugusi.
Namwonyesha mafuta: tone hapa, tone pale,
basi; mafuta mengi hukaribisha vumbi,
na njia ya Kigoma haihitaji kukaribishwa.
Anaipokea. Anaangalia chemba.
Anaangalia tena.
Sijamfundisha hilo. Nimefurahi, sijasema.

Kidimbwi cha kidole gumba hakimfai, yeye ni wa kulia.
Atachimba chake.

Springi ya zamani sikuitupa.
Nimeifunga kwenye mlango wa choo cha ghala,
ule uliokuwa ukibaki wazi kila upepo ukivuma.
Unajifunga sasa, taratibu,
kama mtu anayetoka chumba chenye waliolala.